Kiapo Walichoapiwa Wagibeoni

Masomo: Yoshua 9:3–27, 2 Samweli 21:1–2



Majuma haya yaliyopita, watu wakitoka ibadani wamekuwa wakisimama chini ya mwembe na kuzungumza habari moja: nani ni Mkenya, na nani si Mkenya. Wengine wasema, "Sheria ni sheria. Aliyekuja kwa ruhusa na akae, aliyekuja bila ruhusa na arudi alikotoka." Wengine wajibu, "Mipaka ilichorwa na Wazungu. Mtu ni mtu." Nimesikia maneno makali ya pande zote mbili, tena kutoka kwa watu wanaonywa kikombe kimoja mezani pa Bwana. Kwa hiyo nimeona vema mwezi huu tuache kidogo mafundisho yetu ya Waraka kwa Waefeso, tulitazame jambo hili katika mwanga wa Neno la Mungu.

Habari za Wagibeoni hazihubiriwi mara nyingi, labda kwa sababu ni vigumu kumpata mtu ndani yake asiye na doa. Wana wa Israeli wamekwisha kuvuka Yordani. Yeriko umeanguka, na Ai pia. Watu wa Gibeoni wasikia, waogopa. Wafalme wengine wa nchi ile waungana ili wapigane, lakini Wagibeoni wachagua hila. Wapakia magunia makuukuu juu ya punda zao, na viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwashonwa. Wavaa viatu vyenye viraka na nguo zilizochakaa, na kwa chakula wachukua mkate mkavu ulioota ukungu. Wafika kambini Gilgali, wasema kwamba wametoka nchi ya mbali sana, nao wautoa ule mkate kuwa ushahidi wa urefu wa safari yao. Hizo ndizo zilizokuwa hati zao za kusafiria, na zote zilikuwa za kughushi.

Wazee wa Israeli waliupokea ule mkate wakaridhika, na Maandiko yatuambia kwamba hawakutafuta shauri kwa Bwana. Wakafanya agano na wageni wale, wakaapa. Siku tatu baadaye wakapata habari kwamba wale watu wa mbali walikuwa majirani zao kabisa. Mkutano wote ukawanung'unikia wakuu. Sauti ya manung'uniko yale twaijua; ndiyo niliyoisikia chini ya mwembe.

Basi angalieni alivyofanya Yoshua. Hakusema kwamba uongo ule si kitu. Aliwaita, akawauliza kwa nini wamedanganya, naye akawapa adhabu, wao na watoto wao, kuchanja kuni na kuchota maji kwa ajili ya mkutano na madhabahu. Lakini pia hakusema kwamba kwa kuwa wao walidanganya, basi kiapo cha Israeli kimekufa. Wagibeoni walijitetea kwa neno moja tu, kwamba waliogopa kuuawa. Yoshua akawaokoa na mikono ya watu wake mwenyewe. Na katika sura inayofuata, wafalme watano walipouzingira mji wa Gibeoni, alipanda kutoka Gilgali usiku kucha kwenda kuwapigania wale wale waliomdanganya.

Miaka mingi ikapita. Mfalme Sauli akatawala, naye akaona haifai watu wale waendelee kukaa katikati ya taifa lake. Akawaua, akakusudia kuwamaliza. Maandiko hayasemi kwamba Wagibeoni walikuwa wameasi au wameiba. Yasema Sauli alisukumwa na bidii yake kwa ajili ya Israeli na Yuda; leo tungesema uzalendo. Katika siku za Daudi njaa ikaingia miaka mitatu mfululizo, na Daudi alipomwuliza Bwana sababu, akajibiwa kwamba ni damu ya Wagibeoni. Yaliyofuata ni mazito, wala sitayaeleza katika kurasa hizi chache. Yatosha kuona kwamba Mungu alikikumbuka kiapo ambacho watu walidhani kimezeeka, na kwamba alikuwa upande wa watu walioingia kwa mkate wa uongo.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo msomaji wa haraka hulipita. Wagibeoni hawakuwa wageni hata kidogo. Wao ndio waliokuwa wenyeji wa nchi ile. Israeli ndio waliokuwa wameingia juzi. Wenyeji walijifanya wageni ili wapate kuishi katika nchi yao wenyewe! Nani mwenyeji na nani mgeni hutegemea sana mwaka gani unaanza kuhesabu.

Na kila sheria ya uraia haina budi kuanza kuhesabu mahali fulani. Ya kwetu ilianzia tarehe 12 Desemba 1963. Katiba ya uhuru ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya, ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya, alikuwa raia tangu siku ile bila kuomba, maadamu alikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Wengine walipewa nafasi ya kuomba waandikishwe, na nafasi hiyo ilikuwa na mwisho. Haikuwa sheria mbaya. Serikali changa ilikuwa na haki ya kuwajua watu wake. Lakini fikirini habari za Wamakonde wa Kwale. Tangu miaka ya 1930 walikuwa wakija kutoka Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wengine wakaja baadaye wakikimbia vita vya ukombozi wa nchi yao. Wale wa kwanza hawakuvuka mpaka usiku. Waliajiriwa mchana, kwa sababu mikono yao ilitakiwa. Waliokata mkonge, wakazaa, wakazika wazazi wao huku, siku ya uhuru walijikuta hawamo katika hesabu. Walilala bila kuhama, na mpaka ukapita juu yao.

Tangu hapo wakaitwa wageni haramu, na watoto wao wakazaliwa na jina hilo, na wajukuu pia. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kupiga kura. Polisi akimsimamisha njiani, hana la kuonyesha. Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya uraia ya mwaka 2011 zilifungua mlango kwa watu wasio na nchi waliokuwa wakikaa Kenya tangu uhuru, lakini mlango ulioandikwa katika karatasi na mlango wa ofisi si kitu kimoja. Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Mwezi wa Februari 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, wakaanza kupewa vitambulisho. Mwezi wa Desemba 2020 ikawa zamu ya Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka nchi inayoitwa leo Zimbabwe ili kuhubiri Injili, wakakaa miaka sitini bila nchi. Mwaka 2023 wakatambuliwa Wapemba, wavuvi wa pwani yetu hii, ambao wengi wao hawakujua bahari nyingine.

Ndugu zangu mnaosema sheria ni sheria, nawaheshimu, na Mtume Paulo katika Warumi 13 yuko pamoja nanyi. Lakini wauliza Wamakonde waliotembea walikuwa wakienda kutafuta nini. Hawakwenda kuomba sheria ivunjwe. Walikwenda kuomba iwafikie. Nao walikuwa watu wale wale kabla na baada, wenye nyumba zile zile na makaburi yale yale. Kilichobadilika ni kitabu cha serikali. Neno "haramu" basi tuliseme juu ya tendo, tusilibandike juu ya mtoto aliyezaliwa Msambweni.

Tena sisi Waanglikana wa pwani, kabla hatujafungua kinywa, yafaa tujikumbuke. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Kiingereza. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa upande ule ule wa Ruvuma na Ziwa Nyasa, jirani kabisa na walikotoka Wamakonde. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwenyeji hapa. Kengele yao ndiyo iliyopaacha jina Kengeleni, ambapo abiria wa matatu hushuka kila siku bila kujua kengele ni ya nini.

Lakini wale wa Frere Town walikuwa na ruhusa. Walikabidhiwa kwa misheni na wenye mamlaka. Habari ya Rabai ni nyingine, na ndiyo ningependa muisikie vizuri. Huko Rabai, ambako Krapf alifungua kituo mwaka 1846, walianza kuja watoro: watumwa waliowakimbia mabwana zao Mombasa na mashambani. Mapatano ya mwaka 1873 yalikuwa yamekataza kusafirisha na kuuza watumwa, lakini kumiliki mtumwa kulikuwa halali pwani hii, na kukaendelea kuwa halali mpaka mwaka 1907. Kwa sheria ya nchi, basi, mtoro wa Rabai alikuwa mali iliyopotea. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuishambulia Frere Town kwa ajili ya jambo hili. Wakuu wa misheni wakaona hatari, wakakataza watoro wasipokewe. Hata hivyo waliendelea kuja, na Rabai ikaendelea kuwapa mahali pa kujenga na pa kulima. Kiongozi pale alikuwa William Jones, Myao, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akalelewa Bara Hindi, na mwaka 1885 akawekewa mikono na Askofu Hannington kuwa shemasi. Nani angemfundisha mtu kama huyo habari za mtumwa anayekimbia?

Mwaka 1888 likaja jambo wazi. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kuitawala pwani ilikuta kwamba watoro katika vituo vya misheni walifikia kama 1,400. Wengi walikuwa wamekwisha kujenga na kuoa, na wengine kubatizwa. Wenye watumwa walidai mali yao. Mackenzie, mkuu wa kampuni, akafanya mapatano nao: wakalipwa fidia, na mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. (Fedha, mtaona, walipewa mabwana, watumwa walipata karatasi.) Siku ile watu waliokuwa haramu wakawa halali, na baadhi yetu tunaosoma gazeti hili ni vitukuu vyao.

Sisemi kwamba kila aingiaye nchini leo bila ruhusa ni mtumwa anayekimbia bwana. Wako wanaoletwa na wafanya magendo ya watu, na wako wanaoingia kwa nia mbaya. Wala sisemi kwamba wamisheni walioogopa walikuwa waoga tu. Walikuwa na watoto na wagonjwa wa kulinda. Nasema kwamba Kanisa hili la pwani lilipokuwa changa liliulizwa swali lile lile mnalobishania chini ya mwembe, nalo halikulijibu kwa kupiga kelele. Lilikaa na watoro, likawafahamu kwa majina yao, na hati zilipokuja walikuwapo watu wa kusema: huyu namjua.

Hapo ndipo nataka tusimame, kwa maana hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wenyewe, wala si serikali peke yake. Katika nchi yetu, kwa miaka mingi mtu aliyeomba kitambulisho alipita kwa mzee wa mtaa na kwa chifu, na aliulizwa maswali na watu waliosemekana kumfahamu. Maana yake, uraia wa mtu wa mpakani au wa mtu aliyetoka mbali ulitegemea kinywa cha jirani. Na jirani huyo mara nyingi alikuwa mmoja wetu.

Mwaka jana mambo mawili yalitokea katika parokia yetu. Sitataja majina, na wahusika wenyewe nimekwisha kusema nao. Mzee mmoja aliombwa aandike kwamba amemjua kijana fulani tangu kuzaliwa. Hakuwa amemwona hata siku moja. Alipewa shilingi elfu tano, akaandika, na jina la Kanisa likatumika. Mzee mwingine aliombwa amshuhudie mama mmoja aliyezaliwa hapa hapa, ambaye yeye mwenyewe alikuwapo siku mama huyo alipopokea kipaimara. Akakataa. Hakuwa na shaka juu ya habari zake, alisema tu kwamba baba yake mama huyo alikuwa wa kuja, "na watu wa kuja wamekuwa wengi." Mama yule alirudi nyumbani bila sahihi, na binti yake akamaliza mwaka mwingine bila kitambulisho.

Wengi waliosikia mambo haya walimkasirikia mzee wa kwanza tu. Wale wa sheria walisema ameiuza nchi. Lakini wa pili alipongezwa na baadhi yao kwamba ni mzalendo. Wapendwa, hapa nasema bila kuzungukazunguka: wazee hawa wawili wamevunja amri moja, ile ya tisa. Tumezoea kuisoma amri hiyo kana kwamba yakataza tu kusema lisilokuwa. Katika Walawi 5:1 imeandikwa wazi kwamba anayeitwa kushuhudia jambo aliloliona au kulijua, naye akanyamaza, atachukua uovu wake. Kunyamaza juu ya kweli unayoijua kuhusu jirani yako ni ushahidi wa uongo pia, ila tu hauachi wino. Na kama ni kupima madhara, mimi naona lile la pili ni baya zaidi. Kijana wa uongo huenda serikali ikamgundua. Ina vitabu vyake na alama za vidole. Mama wa kweli hana wa kumgundua, kwa kuwa ushahidi wake wote ulikuwa moyoni mwa mtu aliyenyamaza.

Mtanikumbusha habari ya fedha. Ndiyo, ni lazima isemwe. Jemadari Klaudio Lisia alimwambia Paulo kwamba yeye alipata uraia wa Kirumi kwa mali nyingi, na Paulo akajibu kwamba yeye alizaliwa nao (Matendo 22). Katika siku zetu nimeona jambo la ajabu zaidi, yaani watu waliozaliwa nao kama Paulo wakilazimishwa kulipa kama Lisia. Ambaye ana haki, naye ametoa kitu kidogo kwa kuchoka, dhambi kubwa sidhani kuwa ni yake. Ni ya yule aliyeketi nyuma ya meza.

Katika Kitabu cha Ruthu mna mfano wa kufanya jambo hili sawasawa. Ruthu alikuwa Mmoabi, na sheria ya Kumbukumbu la Torati 23 haikuwa na maneno laini juu ya Wamoabi. Boazi alimpenda, lakini hakumwingiza nyumbani kwa mlango wa nyuma. Alikwenda langoni mwa mji asubuhi, akaketi, akawaita wazee kumi, akamkabili ndugu mwenye haki ya kwanza, ndugu yule akavua kiatu chake kama ilivyokuwa desturi, kisha Boazi akawaambia wazee na watu wote kwamba wao ni mashahidi. Nao wakajibu kwamba ndivyo. Alishika sheria yote, hatua kwa hatua, naye aliitumia ili amfungulie mgeni mlango. Wazee wale kumi wangeweza kukohoa na kuangalia pembeni, kama tunavyojua kufanya. Hawakufanya hivyo, na Mfalme Daudi akawa kitukuu cha mwanamke yule.

Najua wengine wenu mna hofu, wala sitawaambia kwamba ni hofu ya bure. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na Wakristo walitengwa wauawe. Tuliomboleza kanisani humu. Ni haki ya serikali, na ni wajibu wake, kulinda mpaka na kujua nani anaingia. Lakini kumbukeni pia kwamba mmoja wa waliofanya uovu ule alikuwa Mkenya, msomi wa sheria, mtoto wa chifu. Kitambulisho chake hakikuwa na kasoro. Karatasi yaweza kueleza mtu alizaliwa wapi. Kilichomo moyoni mwake haijui.

Nao wakimbizi wasichanganywe na wote. Dadaab imekuwa na wakimbizi tangu mwaka 1991, na wako waliozaliwa humo ambao sasa nao ni wazazi. Kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1951, mtu anayekimbia kuokoa maisha yake kutoka nchi anakotishwa hapaswi kuadhibiwa kwa kuwa alivuka mpaka bila ruhusa, mradi ajitokeze kwa wenye mamlaka bila kukawia na kueleza sababu. Kwa hiyo Mkristo anayemwita mkimbizi "haramu" hajashika sheria, hajaisoma.

Tena ni nani miongoni mwetu asiye na mtoto au mpwa huko Saudia, Oman au Katari? Kila Jumapili akina mama huleta majina ya kuombewa. Katika nchi kadhaa za Ghuba ruhusa ya kukaa ya mtumishi wa nyumbani imefungwa kwa mwajiri wake. Msichana akipigwa, au akinyimwa mshahara, naye akatoka nyumba ile bila kibali, aweza kuandikwa mtoro, na kuanzia saa ile yeye ni haramu katika nchi ile. Mtoro! Ni neno lile lile la Rabai. Sijamsikia mama hata mmoja wa parokia hii akisema juu ya binti yake kwamba sheria ni sheria. Aomba kwamba huko aliko apatikane mtu mmoja wa kusema kweli juu yake. Basi lile tunaloomba wapewe watoto wetu Riyadh, sisi nasi twadaiwa Likoni na Mtwapa.

Kwa upande wenu mnaosema mtu ni mtu na mipaka ni ya Wazungu, nina neno moja. Mpaka uliochorwa na Wazungu sasa unalindwa na watoto wetu, na shule na hospitali zilizo ndani yake zinalipiwa kwa kodi zetu. Mgeni anayeambiwa na Mkristo mwema, "Usijali karatasi," ndiye atakayekamatwa. Yule Mkristo atalala kitandani kwake. Ukimpenda, mpeleke ofisini. Keti naye katika foleni. Huo ni upendo wenye miguu, tena unachosha, nao ndio aliokuwa nao Boazi.

Mwisho natazama Kitabu cha Nehemia. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, na Nehemia asoma orodha ya waliorudi. Wako makuhani waliotafuta majina yao katika kitabu cha ukoo yasionekane, wakatolewa katika ukuhani mpaka apatikane wa kuamua. Kumbe hata Yerusalemu karatasi zilipotea! Lakini katika orodha ile ile wamo watu wa Gibeoni, 95 kwa hesabu, wameandikwa pamoja na wengine. Na katika sura ya tatu, kati ya waliojenga ukuta wa mji, kila mtu sehemu yake, jina la Melatia Mgibeoni limetajwa.

Hayo yanileta kwenye vitabu vyetu wenyewe. Rejista za ubatizo za parokia hii zimo katika sanduku la chuma ofisini, na nakala ya ubatizo huweza kusaidia kuwa sehemu ya ushahidi kwa anayeomba cheti cha kuzaliwa akiwa amechelewa. Baraza la parokia limekubaliana hivi. Barua yoyote ya kumshuhudia mtu kwa jina la Kanisa itatoka ofisini tu, itatiwa sahihi na watu wawili wanaomjua mwombaji, wala haitatozwa hata senti moja. Asiyemjua mtu asitie sahihi. Anayemjua asikatae. Ofisi itafunguliwa kila Alhamisi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana kwa kazi hii, kwa Mkristo na asiye Mkristo.

Kuna shida moja. Kitabu kimoja cha zamani kimeliwa na mchwa, na kurasa nyingi za katikati hazisomeki. Waliobatizwa katika miaka ile wako hai, na baadhi yao ndio hao ambao leo watoto wao hawana vitambulisho. Nawaomba basi wazee wetu, na hasa akina mama wa Umoja wa Akina Mama mliosimama kuwa wadhamini wa ubatizo siku zile, mje Alhamisi mketi na mwandishi wa parokia, mmwambie nani alibatizwa, mwana wa nani, na ninyi mlisimama upande gani wa kisima cha ubatizo. Asiyeweza kutembea aniletee habari, nitakuja nyumbani kwake na daftari.